Vijiti Viwili vya Orpa

Habari hii ni kweli tangu herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Kama nimeongeza hata punje moja ya chumvi, viboko wa Ziwa Nakivale na watoke majini waje walale kitandani kwangu, nami nikalale kwao. Wanaonijua watasema, "Gervais, uliapa hivyo hivyo juu ya yule kiboko aliyehudhuria harusi." Yule kiboko alihudhuria. Hakula tu, maana hakuwa na kadi. Lakini hayo tuyaache. Leo nasimulia mapenzi, na mapenzi hayana mzaha.

Ilikuwa mwaka 2011, mvua za Oktoba zimeanza. Alhamisi asubuhi jirani yangu Ushindi alisimama mlangoni kwangu amevaa shati la harusi yake. Kola ilikuwa imechakaa, lakini ameipiga pasi mpaka inang'aa. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi usiku kucha.

"Mzee Gervais," alisema, "batoto bananiuliza mama iko wapi. Sina jibu ingine ya kubapa."

"Orpa bado yuko Kakiika?"

"Kwa mujomba wake Kayumba. Leo ni siku ya kumi. Minaomba unisindikize. Weye njo unajua kusema. Miye nikifungua kinywa, maneno inakataa kutoka."

Kwetu sisi wakimbizi tuliotoka Kivu ya Kusini, mke akikimbilia kwao, mume haendi kumchukua peke yake. Huenda na mtu mzima wa kumsemea. Mume hukaa kimya na kutazama chini, na msemaji hubeba maneno yote. Msemaji akiharibu kazi, faini haimwangukii mume, humwangukia yeye, na tunaiita icyiru. Mimi nimesema kwa niaba ya waume tisa na sijawahi kulipa. Hata hivyo siku ile nilisitasita. Nilimwambia goti linauma.

"Goti litapona kwa njia," alisema Ushindi, akaniletea fimbo yangu.

Msomaji, hujui bado kwa nini Orpa aliondoka, na bila hilo hutaumia pamoja nasi.

Orpa alikuwa na miaka ishirini na tisa, sauti ya kwanza katika kwaya yetu, na watoto watano. Wawili walikuja kwa njia yao. Watatu walitolewa kwa kisu Mbarara, na mara ya mwisho daktari alimwita Ushindi pembeni akamwambia: huyu mama akishika mimba nyingine, uje na jeneza. Ushindi alitoka nje, akakaa juu ya jiwe, akalia bila kujificha. Watu wa kijiji chetu walimcheka mwezi mzima, mwanamume kulia mbele ya boda boda. Orpa hakucheka. Tangu siku ile alikuwa akimpakulia kwanza kabla ya watoto.

Mchungaji wetu, Pasta Nsengimana, alikuwa na neno lake moja. "Kila jina lililozikwa Kivu," alikuwa akihubiri, "lazima liitwe tena wakati wa chakula cha jioni." Usimwone mtu mbaya. Alizika tisa wa nyumba yake kwa siku moja. Akisema neno hilo, kanisa zima huinamisha kichwa, maana kila mmoja ana majina yake. Watoto watano wa Orpa wote walibeba majina ya marehemu. Alibaki mmoja tu ambaye hakupata wa kumrithi: Constantin, kaka yake Ushindi, aliyembeba mgongoni kuvuka mto walipokimbia, kisha akarudi kumchukua mama yao, asionekane tena.

Kwa hiyo vidonge na sindano za kupanga uzazi havikutajwa kanisani ila kwa jina la dhambi. Mwanamke akijulikana, hushushwa kutoka kwaya na hapati Meza ya Bwana. Orpa na Ushindi waliamua wenyewe, wawili, ndani ya nyumba yao. Jumatano moja Orpa akaenda zahanati, nesi Mbabazi akamtia vijiti viwili chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, kinga ya miaka mitano.

Nilijuaje? Nilikuwepo. Miaka kumi na minne nilikuwa mkalimani wa zahanati, kwa sababu nesi anasema Kinyankore na mgonjwa anasema cha kwake. Nilistaafu, wakaajiri kijana mwenye cheti. Siku ile kijana alikuwa na malaria, wakaniita. Mkalimani ni mfereji tu, maji hupita, mfereji haunywi.

Jumapili iliyofuata Ushindi alikuwa Endiinzi akichunga ng'ombe za watu. Katikati ya maombi Pasta Nsengimana alifumba macho, akainua kiganja.

"Ninamuona mama," alisema. "Mukono wa kushoto. Vijiti vibili. Ninaona ndege mweupe anagonga kioo cha dirisha, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama kumukataza. Na mama anasema: 'Mungu, funga macho kidogo.'"

Kanisa liliguna. Wengine walianza kulia.

"Bamama bote banyooshe mukono wa kushoto."

Mikono ilinyooka kama shamba la mtama. Wa Orpa ulifika begani ukakwama, maana kidonda kilikuwa kibichi, na bendeji ikachungulia kwenye mkono wa gauni. Waimbaji wenzake walisogea, huyu kulia, huyu kushoto, mpaka akabaki peke yake katikati ya benchi kama jino lililosalia. Pasta alimwambia kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kemeo, kwamba atoe vijiti kwanza, ndipo arudi kuimba.

Ushindi alirudi Jumatatu, na ukuta kati ya nyumba yao na yangu ulikuwa udongo mtupu, kila neno lilipita. Mimi sisikilizi ya watu. Sikio langu moja tu ndilo hulala upande ule.

"Uliniuzisha," alisema Orpa.

"Nani?"

"Miye. Kwa Pasta."

"Orpa, miye nilikuwa na ng'ombe Endiinzi siku nne."

"Weye iko na telefone. Pasta iko na telefone. Mu-nyumba hii tulijua babili tu. Babili, Ushindi. Hata batoto habakujua."

"Mungu iko shahidi yangu."

"Mungu naye bamemusemesha mingi jana. Muache apumzike."

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini taratibu, na kuweka taratibu namna ile ni kuweka kwa mtu ambaye angetaka kuirusha.

"Unataka jina," alisema Orpa. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sema kweli. Juu ya Constantin. Ulishindwa kuniambia miye, ukatuma Pasta aniambie mbele ya bantu, ili nitoe, nizae, upate jina."

Hapo Ushindi angesema hapana tu, yangekwisha. Lakini mtu yule hajui kusema jambo ambalo ni kweli nusu. Jina alilitaka, kila siku alilitaka. Basi akanyamaza, na ule unyamavu Orpa aliupokea kama jibu. Asubuhi alimfunga kitinda mimba mgongoni, akawaachia wale wanne uji, akaenda Kakiika, kule Mbarara.

Hivyo ndivyo tulivyofika Kakiika, mimi na Ushindi na goti langu, saa saba mchana.

Kayumba ni mtu wa ng'ombe na migomba, mrefu, anaongea kama anakadiria mvua. Alituketisha uani, akatupa maziwa, akangoja tumalize. Orpa alitoka jikoni akakaa kwenye mkeka upande wa shangazi yake. Hakutusalimu kwa mkono. Lakini nilimwona akitazama ile kola, jinsi ilivyopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, na jicho lake likakawia pale kabla ya kukumbuka kukasirika. Ushindi alitazama chini kama desturi inavyotaka, ila kila pumzi ya tatu macho yalimtoroka yakaenda kwenye mkono wa kushoto wa mkewe.

Nikaanza kazi yangu. Nilisema juu ya jiko lisilo na moshi, na ng'ombe anayelia zizini. Nilisema kwamba Ushindi tangu aachwe amekonda mpaka upepo wa ziwani ulimbeba, tukamkamatia kwenye soko. Shangazi alicheka kidogo kwenye kanga. Nikaona mambo yanaenda vizuri.

"Mujomba," alisema Orpa, "minaomba ruhusa. Ninataka Ushindi aseme yeye."

"Hiyo si desturi," nilisema haraka. "Mume ana msemaji."

"Musemaji nimemusikia," alisema. "Anasema muzuri. Ninataka mwenye hasemi muzuri."

Kayumba alizungusha kikombe chake mkononi. "Aseme," aliamua. "Hapa ni kwangu."

Orpa akamgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza wakatazamana moja kwa moja.

"Niambie ile siku ya mukono," alisema. "Vile weye unaijua. Usiruke kitu."

Ushindi alikuna magoti. "Ilikuwa siku ya tatu, ile Jumatano. Ulienda. Ulirudi. Mukono ilikuwa inauma. Nikakuambia lala. Nikapika maharagi. Ikaungua. Tukakula."

"Njo yote?"

"Njo yote." Akafikiri. "Iliungua sana."

"Na ndege?"

"Ndege gani?"

"Mweupe. Wa dirisha."

Ushindi alimtazama, kisha akamtazama Kayumba, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. "Kule kwa nesi kuna dirisha?"

"Hakuna," alisema Orpa. "Kuna shitingi, ile turubai ya plastiki, imepigiliwa misumari. Kioo hakuna hata ya kujitazama."

Ndipo goti langu liliposhikwa kweli.

"Pasta alisema ndege aligonga mara tatu," aliendelea Orpa, sasa akisema polepole. "Alisema nilisema, 'Mungu, funga macho kidogo.' Ile siku nilipata haya mpaka masikio ikaziba, sikusikia tena neno hata moja muzuri. Ni hapa, nikikamua hizi ng'ombe, maneno ilianza kunirudilia moja moja. Miye sikusema kitu kwa nesi. Nilikaza meno. Basi nikajiuliza, Roho Mutakatifu anakosea namna gani? Na kama ni Ushindi alisema, ndege alimutoa fasi gani? Huyu mutu, tangu anioe, miaka kumi na mbili, sijawahi kumusikia anaongeza neno juu ya lingine. Siku ya kuniposa aliniambia, 'Niko na mbuzi tatu, na ninakupenda.' Mujomba, nilienda kuhesabu. Zilikuwa tatu."

Hakuna aliyecheka. Orpa aligeuza kichwa, na macho yale, ambayo mimi huyajua yakicheka kwenye kibaraza changu, yakanikuta.

"Papa Gervais. Mu-chumba ile tulikuwa batatu. Nesi hajui luga yetu, na haombei kwetu. Ule ndege ulimutoa wapi?"

Nilijaribu, sikufichi. Nilisema Roho ana njia zake. Nilisema hata mifereji huvuja kwa bahati mbaya. Nilisema pengine Pasta alikuwa na homa. Kayumba aliweka kikombe chini.

"Mzee," alisema, "umekunywa maziwa yangu. Jibu mutoto."

Nikajibu. Pasta Nsengimana alikuja kwangu Alhamisi ile kunywa chai. Tangu nistaafu hakuna mtu anayeniketisha kunisikiliza zaidi ya dakika mbili, na yeye aliketi. Nilianza na habari za mvua. Alikuwa anaangalia saa. Nikasema, basi, jana zahanati nimeona jambo. Saa akaiacha. Sikumtaja jina, hilo naapa, nilisema tu mama mmoja, mkono wa kushoto, vijiti viwili. Nilipoona macho yake yamefunguka, nikamwongezea ndege. Ndege alipopendeza, nikampa mara tatu. Lile neno la Mungu afunge macho nililitunga wakati namtilia kikombe cha pili, na lilikuwa tamu mno kulizuia. Sikujua kwamba atalipeleka madhabahuni. Jumapili, alipoanza kulisema, nilijua nimefanya nini. Na Mungu anisamehe, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inasikiliza kama amelisema vizuri.

Ushindi hakuinua sauti. Ingekuwa afadhali.

"Ulisikia ukuta," alisema. "Ile usiku alisema nilimuuzisha. Ulikuwa huko kwa upande ingine, unasikia."

"Nilisikia."

"Na ukalala."

Niliitazama fimbo yangu. Nami nimesema kwa niaba ya waume tisa.

"Nilikuamini kupita dada yangu," alisema Orpa. "Nesi aliuliza, huyu mzee iko sawa? Nikasema, huyu ni papa. Nikavua mukono wa gauni mbele yako." Machozi yalikuja hapo, aliyapangusa kwa mkono wa kushoto, akasahau, akakunja uso kwa maumivu. Ushindi alikuwa amekwisha simama. Desturi ilimzuia, akasimama tu pale katikati ya ua, mikono haijui pa kwenda.

Kayumba alikohoa. "Icyiru," alisema. "Una ng'ombe?"

"Mtamba mmoja tu."

"Ataenda kwa nyumba ya hawa. Batoto banywe maziwa akizaa."

"Miye ninataka kingine," alisema Orpa. "Jumapili atasimama kanisani. Aseme vile ilikuwa. Bila ndege. Bila kitu."

Nilimwambia Kayumba kwamba ningetoa mitamba miwili kama ningekuwa nayo, kuliko hilo. Alisema alijua.

Walipomaliza na mimi, nilitolewa nje ya ua nikae na ndama. Lakini sikio langu, kama nilivyosema, lina upande wake.

"Na Constantin?" aliuliza Orpa. "Usinyamaze tena."

Safari hii maneno ya Ushindi hayakukataa kutoka.

"Nilienda kwa Pasta siku ya nne tangu utoke," alisema. "Aliniambia, toa vijiti, Mungu atamuchunga. Nikamwambia, Pasta, Mungu alichunga na Constantin. Akalia. Miye pia." Kisha akasema, "Jina ninalitaka, Orpa. Sitakudanganya. Lakini weye nikikuzika, itakuwa majina mbili haina mwenyewe. Moja ninaweza kubeba. Mbili, hapana."

Nilisikia mkeka ukisogezwa ili mtu mwingine apate mahali pa kukaa.

Orpa hakurudi nasi siku ile. Alisema atarudi Jumapili, kupitia kanisani, na kwamba ataingia akiona nimesimama.

Jumapili ilikuwa na jua baya. Kanisani kwetu wanaume hukaa kulia na wanawake kushoto, na njia katikati. Nilisimama kabla ya mahubiri. Pasta Nsengimana alinipungia mkono nikae. Sikukaa. Orpa aliingia na mtoto mgongoni, akaenda kwenye benchi la nyuma la wanawake, na waliokuwa pale wakaanza kukusanya mikoba yao.

Nikasema: Nilikuwa mkalimani Jumatano ile. Niliona mama akitiwa vijiti. Ilikuwa siri yake. Niliitoa kwa Pasta nikinywa chai. Ndege hakuwapo. Neno lile hakulisema. Daktari alisema akizaa tena atakufa. Mume wake alikubali. Mume wake hakumwambia mtu. Mimi ndiye.

Nilikuwa nimezoea kwamba nikisimulia, watu huegemea mbele. Siku ile waliegemea nyuma. Nyirabizimana, bibi mzee wa benchi la mbele ambaye hajawahi kukosa hadithi yangu hata moja, alingoja, akangoja, akauliza, "Halafu?"

"Basi," nilisema. "Hakuna halafu."

Pasta Nsengimana alikuwa ameshika Biblia kwa mikono miwili, analitazama jalada lake. Wanawake walitazamana. Ndipo Ushindi aliposimama upande wa wanaume. Viatu vyake vilisikika katika njia ya katikati, mtu akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amekosea upande. Akaenda mpaka benchi la nyuma, akaketi kando ya mkewe, bega kwa bega, akiwa na lile shati. Orpa hakumtazama. Alimfungua mtoto mgongoni, akampa ampakate.

Pasta akasema tuombe, na maombi yake siku ile yalikuwa mafupi, na hayakutaja mkono wa mtu.

Jumatatu asubuhi Ushindi alikuja kumchukua mtamba. Nilimfuata mpaka nyuma ya nyumba, na njiani nikaanza kumweleza ng'ombe huyu ni wa ukoo gani, kwamba bibi yake aliwahi kumfukuza chui huko milimani, chui mwenye—

"Mzee," alisema Ushindi, "fungua zizi."

Nikafungua.